Mgeni Kijana Katika Mkutano wa Rotary

Wengi wenu mmekwisha kuliona gurudumu la rangi ya dhahabu lenye meno, limechorwa penye kisima au ukutani mwa zahanati. Hiyo ndiyo alama ya Rotary, chama cha watu wa kazi mbalimbali wanaokutana kwa udugu na kwa kuwasaidia wengine. Kilianza mjini Chicago, tarehe 23 Februari 1905, mwanasheria Paul Harris alipokutana na rafiki zake watatu: mwuza makaa, mhandisi wa migodi na mshona nguo. Walikuwa wakikutana kwa zamu, leo ofisini kwa huyu, kesho kwa yule, na jina la chama lilitoka katika zamu hizo. Barani kwetu klabu ya kwanza ilifunguliwa Johannesburg mwaka 1921. Siku hizi wanachama wapita milioni 1 duniani, na klabu zipo Kinshasa, Lubumbashi, Bukavu na Goma.

Wazee wa parokia watauliza: Je, Kanisa halikukataza mambo hayo? Ni kweli, mwishoni mwa mwaka 1950 Roma iliwakataza mapadre kuingia Rotary, na waamini walionywa wawe na hadhari. Lakini nyakati zilibadilika. Mwaka 1979 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliwapokea Warotary waliokusanyika Roma kwa mkutano wao mkuu, akasema nao kwa wema.

Leo twataka kueleza jambo moja la klabu hizo, nalo ni kubadilishana vijana. Klabu ya Nice, katika Ufaransa, ndiyo iliyoanza mwaka 1927. Kijana wa nchi hii aenda kukaa ng’ambo kama mwaka mzima, na wa ng’ambo aja huku. Asoma shuleni pamoja na wenyeji, akaa nyumbani mwa watu, na siku fulani aitwa mkutanoni asimame mbele ya wakubwa awaeleze nchi yake.

Tuuwaze basi mkutano kama huo katika mji mdogo wa Marekani. Mgeni tuseme ni msichana wa miaka 17, mtu wa Brazil. Amevaa koti la buluu lililojaa vibeji hata kitambaa chake chaonekana kwa shida, maana vijana hao hupeana vibeji kila wanapokutana, na koti zito ndilo fahari yao. Mwenyekiti apiga kengele. Watu wasimama, waiheshimu bendera, wasali, na pengine waimba, wengine kwa sauti nzuri na wengine kwa moyo tu. Halafu chakula.

Asiyezoea angestaajabu kuona yanayofuata. Ainuka mtu aitwaye sajini, ambaye kazi yake ni kulinda utaratibu, lakini kwa kweli yeye ndiye mchokozi wa nyumba. Awatoza watu faini. Huyu picha yake ilitoka gazetini: dola moja! Yule alisahau siku ya arusi yake, na mkewe amekwisha kumshtaki: dola mbili! Mwenye kutozwa ajitetea, wenzake wampigia kelele, naye alipa akicheka. Kisha waja wenye furaha zao. Mmoja atoa dola kwa sababu amepata mjukuu, mwingine kwa sababu ametoka hospitali mzima. Sisi twapenda desturi hiyo. Mtu mwenye mali nyingi kutaniwa mbele ya watu na kulipa bila kununa, hilo si neno dogo.

Sasa zamu ya mgeni. Aonyesha picha za mji wake, za bibi yake, za sikukuu ya Mwili wa Kristu, ambapo katika miji mingi ya Brazil watu hutandika barabarani mapambo ya rangi ili Sakramenti ipite juu yake. Mzee mmoja amwuliza kama kwao wasema Kihispania. Msichana ajibu kwa upole kwamba Wabrazili wasema Kireno. Sajini hakosi kuona: dola moja kwa mzee! Ukumbi wote wacheka, naye mgeni acheka pamoja nao. Yamkini ndiyo mara ya kwanza kucheka bila kujiona mgeni.

Tusidhani lakini kwamba yote ni kicheko. Baba na mama wa msichana huyo wamemtoa mtoto wao kwa watu wasiopata kuwaona. Mzazi gani hangekesha? Kwa hiyo sheria ni kali. Jamaa za kumpokea huulizwa maswali, na nyumba zao hutembelewa kwanza. Hawalipwi mshahara kwa kumlea. Mshauri wake huwa mtu asiye wa nyumba anamokaa, ili awe na pa kwenda kusema likimpata jambo. Naye kijana akatazwa kuendesha motokari, kunywa pombe, kutumia madawa ya kulevya na kuingia katika mapenzi. Mara nyingi ahamia jamaa ya pili, hata ya tatu, na kila nyumba ina chumvi yake na saa yake ya kulala. Kuna majuma ya kulia usiku, hasa karibu na Noeli.

Fedha za faini nazo zina kazi. Klabu nyingine hununua vitabu vya shule, nyingine hutuma kwa mfuko wa kupiga vita ugonjwa wa polio. Rotary ilianza kazi hiyo Ufilipino mwaka 1979, na mwaka 1985 iliitangaza kuwa kazi ya dunia nzima. Tarehe 25 Agosti 2020 Afrika ilitangazwa kuwa imeokoka na virusi vya asili vya polio. Polio ya namna nyingine, itokanayo na virusi vya chanjo vilivyobadilika, imeendelea kuonekana Kongo baada ya mwaka huo, na kwa sababu hiyo wachanjaji wangali wakibisha hodi milangoni petu na matone yao.

Mwisho wa mkutano mgeni ampa mwenyekiti kibendera cha klabu ya kwao, naye apewa kingine. Kengele yalia tena. Wenye maduka warudi madukani, na msichana akimbilia shule, maana alasiri ana mtihani wa hesabu, kwa Kiingereza.