Je, wajua? Kihariri kinachozaliwa bila duka

Ukiupakua msimbo chanzo wa Visual Studio Code kutoka GitHub, ukauunda mwenyewe kwenye kompyuta yako pale Sumbawanga mjini, utakachopata si Visual Studio Code. Kitafunguka vizuri, kitapaka maneno rangi, kitapokea JavaScript yako bila kinyongo. Lakini jina lake ni Code - OSS, na ukienda upande wa viendelezi kutafuta cha Python, huambulii kitu. Duka halipo.

Bando limekwisha, saa zimekwenda, na mtu hudhani amekosea kuunda. Hajakosea. Microsoft walikitangaza kihariri hiki Aprili 2015, na Novemba mwaka huohuo wakaweka msimbo wake hadharani kwa leseni ya MIT, inayokuruhusu kuutumia, kuubadili, hata kuuuza. Ila wao wanapounda toleo la kugawa huongeza vya kwao: jina, nembo, mipangilio ya kukusanya taarifa za matumizi, na anwani ya duka. Toleo hilo lina leseni nyingine kabisa.

Wahunzi wa zamani wa Ufipa, hapo hapo Sumbawanga, wasingeshangaa. Ilungu, tanuri lao la udongo lenye kimo cha mita tatu hivi, lilivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Mabaki ya malungu bado yamesimama huku na huku katika uwanda wa juu. Kilichotoka humo kilikuwa bonge la chuma lililochanganyika na taka. Hakuna aliyelifua jembe papo hapo. Lilipitishwa kwanza kwenye kintengwe, tanuri dogo la kuvukutwa, likasafishwa, ndipo nyundo ikaanza kazi. Code - OSS ndiyo bonge hilo.

Kinachobaki kufanywa kimo katika faili moja, product.json, kwenye folda kuu ya msimbo. (Kama umeshafungasha programu yako, ihariri ile iliyo ndani ya resources/app.) Humo hukosekana sehemu iitwayo extensionsGallery, ambayo hukielekeza kihariri pa kwenda kutafuta viendelezi. Iongeze, na ndani yake weka serviceUrl yenye https://open-vsx.org/vscode/gallery, kisha itemUrl yenye https://open-vsx.org/vscode/item. Angalia koma: ukiisahau moja tu kati ya sehemu hii na iliyotangulia, faili nzima haisomeki. Washa upya, tafuta Python tena, na safari hii orodha inashuka.

Mbona si anwani ya duka la Microsoft? Ukiibandika inaweza kufanya kazi, lakini masharti ya duka hilo yanasema viendelezi vyake ni vya kutumika na bidhaa za jamii ya Visual Studio tu. Sioni hila hapo. Walitoa msimbo, hawakutoa duka. Open VSX inasimamiwa na Eclipse Foundation, na ndiyo inayotumiwa pia na VSCodium, toleo la msimbo huohuo lililokwisha kuundwa, kwa wale wasiotaka taabu ya kuunda. Rafu zake si kamili. Kiendelezi cha Python kipo, lakini mwenzake wa Python aitwaye Pylance hayupo, kwa sababu leseni yake inakifunga kwa bidhaa za Microsoft.

Na kama mtandao unasuasua, duka si lazima. Kiendelezi ni faili yenye mwisho wa .vsix, mwenzako aliyeko Mbeya anaweza kukuwekea kwenye flashi, nawe ukakisakinisha kwa amri ya --install-extension ikifuatiwa na jina la faili. Kwa ndani ni zipu ya kawaida. Ifungue utazame package.json, mahali palipoandikwa engines: pametajwa toleo la chini kabisa la kihariri ambalo kiendelezi hicho kinakubali, na kama ulilounda ni la zamani zaidi ya hapo, usakinishaji utakataliwa hata faili iwe nzima.