Hanang: mlima mmoja, tambarare nyingi

Msafiri anayetoka Singida kwenda Babati huanza kuuona Hanang mapema, kwa sababu hakuna kingine cha kuuficha. Umesimama peke yake mkoani Manyara, zaidi ya mita 3,400 juu ya usawa wa bahari, bila safu ya milima ubavuni. Ni volkeno iliyozaliwa na Bonde la Ufa, na haina kumbukumbu ya kulipuka katika nyakati za historia. Kaskazini mwake lipo Ziwa Balangida, lenye maji ya magadi. Miguuni pake upande wa kusini uko mji wa Katesh, makao makuu ya wilaya.

Mlima huu huzuia mawingu, ukaotesha msitu na kulisha vijito, wakati nchi inayouzunguka ni kavu. Kwa Wabarbaig, wafugaji wa jamii ya Wadatoga, ni mlima mtakatifu. Mifugo yao ilihamishwa kwa majira, kutoka malisho ya aina moja hadi nyingine, na mabonde yenye rutuba zaidi, waliyoyaita muhajega, yalikuwa tegemeo lao kuu.

Rutuba hiyo ndiyo iliyowaponza. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, lilifungua mashamba makubwa ya ngano kwa msaada wa Kanada. Yalifika saba, yakachukua takriban ekari 100,000, na muhajega zikalimwa kwa trekta. Hata makaburi ya wazee waheshimiwa, ambayo kwa mila hujengewa vichuguu virefu vya udongo, hayakusalimika. Wanakijiji wa Mulbadaw walikwenda mahakamani wakashinda Mahakama Kuu, lakini mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaipa NAFCO ushindi. Taifa lilihitaji mkate, ni kweli. Lakini gharama yake walibebeshwa watu ambao hata ngano hawakuwa wakiila.

Kisha ikaja alfajiri ya Desemba 3, 2023. Mvua kubwa ilikuwa imenyesha. Serikali ilieleza baadaye kwamba haikuwa volkeno kuamka: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikazidiwa na uzito, ikameguka. Tope, mawe na magogo vikafuata makorongo hadi Katesh, Gendabi na Jorodom, vikasomba nyumba na maduka. Watu zaidi ya 80 walikufa. Rais Samia Suluhu Hassan alikatiza safari yake Dubai, alikokuwa akihudhuria mkutano wa tabianchi.

Baadhi ya walionusurika walijengewa nyumba mpya eneo la Waret, Gidagamowd, mbali na njia ya tope. Wafugaji wenye umri mkubwa wanayafahamu vizuri majina hayo mawili: yalikuwa ya mashamba ya ngano.