Hereni za mbuzi 250 kwa amri moja



Leo sizungumzii majani wala dawa ya minyoo, nazungumzia namba. Nikipita kwenye mabanda nakuta hereni mbili zenye namba moja. Sasa fikiria: mbuzi namba 47 kachomwa antibayotiki, siku za kusubiri kabla ya kuchinja hazijaisha. Mnunuzi kafika, anamtaka 47. Yupi? Nyama yenye dawa ikifika buchani, umemhatarisha mlaji, na mteja huyo humpati tena.

Ukiandika namba kwa mkono mpaka 250, utaruka au utarudia. Kompyuta ya Linux au Mac ina amri ndogo inayoitwa seq. Kwenye simu ya Android, weka programu ya Termux, utaikuta humo. Fungua dirisha la kuandikia amri, andika:

seq 1 250

Namba zinashuka, 1 hadi 250, bila kuruka hata moja. Lakini usiishie hapo. Kompyuta ikizipanga kama maandishi, 10 itakaa mbele ya 2. Dawa yake ni sifuri za mbele:

seq -f "MB-%04g" 1 250 > hereni.csv

Unapata MB-0001 mpaka MB-0250 ndani ya faili linalofunguka kwenye Excel. Hiyo 04 maana yake tarakimu nne. Kwa nini nne wakati una mbuzi 250 tu? Kwa sababu tunafuga kibiashara, kundi litakua.

Wakija wapya 150, endelea ulipoishia:

seq -f "MB-%04g" 251 400 >> hereni.csv

Hapa kuwa makini: alama > ikiwa moja inafuta orodha ya zamani, zikiwa mbili zinaongeza chini yake. Na mbuzi akifa au akiuzwa, namba yake usimpe mwingine.

Ukiweka namba tatu, ya katikati ni hatua. Mfano, seq 0 7 84 inakupa siku za kupima uzito kila wiki, kwa wiki 12.

Amri inatoa namba tu. Daftari la matibabu ni lako. Chapisha orodha, nenda nayo bandani, na kila hereni ikishavalishwa, weka tiki palepale.