Hela ya korosho ipo, kwaya inataka besi: Kagua haya kabla ya kulipa

Chidya na vijiji vingine vya Masasi, msimu wa korosho ndio msimu wa maamuzi. Mzigo ukishafika AMCOS, mnada ukapita na malipo yakaingia, ndipo mabati hununuliwa, ada hulipwa na michango iliyokuwa inasubiri tangu masika hukusanywa.

Kwenye kijiji chenye kwaya, mmoja wa michango hiyo huwa ni wa vyombo vya muziki. Bei ikiwa nzuri, kama msimu wa 2024/25 ambapo kilo ya korosho ghafi ilivuka Sh4,000 kwenye minada ya kwanza ya kusini, hata wanaochelewaga kuchangia hujitokeza.

Tatizo ni kwamba hela hiyo huja mara moja kwa mwaka. Kwaya ikikosea kununua mwezi wa Novemba, itakaa na kosa lake mpaka Novemba nyingine.

Na kwenye gitaa la besi ni rahisi sana kukosea. Sababu ni moja: besi si gitaa peke yake. Ni gitaa, amplifaya na umeme unaoviendesha. Ukiweka hela yote kwenye gitaa, hutasikia kitu. Pedali zinazopendwa sana na vijana ndizo za mwisho kabisa kwenye foleni.

Kwa nini besi ni tofauti?

Uzi mnene wa besi ya nyuzi nne, ule wa noti ya E, hutetemeka takribani mara 41 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la kawaida hutetemeka takribani mara 82. Maana yake besi iko chini kwa oktavu nzima.

Sauti nzito kiasi hicho inahitaji spika kubwa inayosukuma hewa nyingi. Ndiyo maana spika za honi, zile zinazofungwa juu ya gari la matangazo, hutoa maneno vizuri lakini besi ikipita humo inabaki mkwaruzo tu.

Spika ya simu nayo ni hivyohivyo. Muuzaji akikutumia klipu ya WhatsApp ili usikie "besi inavyogonga", usiamue kwa spika ya simu. Vaa spika za masikioni, au bora zaidi, mtume mtu akaijaribu kwa mkono.

Kwenye muziki, kazi ya besi haina tofauti na ile ya ngoma kubwa: kuwaambia wengine mguu unakanyaga wapi. Katika dansi la Tanzania, tangu enzi za NUTA Jazz iliyoanza 1964 na leo kujulikana kama Msondo Ngoma, gitaa la solo huimba, ridhimu hufuma, na besi hushika njia. Besi ikipotea, kwaya ya watu 30 inaanza kukimbia na hakuna anayejua nani kaanza.

Gitaa: angalia shingo kabla ya rangi

Besi ya umeme ya kisasa ilipata umbo lake mwaka 1951, Leo Fender wa Marekani alipotoa Precision Bass. Mwaka 1960 ikaja Jazz Bass yenye shingo nyembamba zaidi. Besi nyingi zinazouzwa leo, kuanzia za bei ya chini hadi za juu, zimefuata moja ya maumbo hayo mawili. Kwa hiyo usilipie jina lililoandikwa kichwani mwa gitaa, maana jina ni rahisi kubandikwa. Lipia vitu hivi:

Shingo iliyonyooka. Bonyeza uzi kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa wakati mmoja, kisha tazama katikati. Kati ya uzi na freti pawepo nafasi ndogo, kama unene wa karatasi tatu za daftari. Nafasi ikiwa kubwa mno au ikikosekana kabisa, shingo imepinda. Ndani ya shingo huwa kuna fimbo ya chuma ya kurekebisha hali hiyo. Muulize muuzaji airekebishe mbele yako. Ikigoma kuzunguka, achana na gitaa hilo.

Noti zinazokubaliana. Pakua programu ya kutyuni kwenye simu, zipo za bure. Tyuni uzi ukiwa wazi, kisha ubonyeze kwenye freti ya 12. Programu ionyeshe noti ileile. Ikipotoka kidogo, fundi anaweza kusogeza tandiko la uzi upande wa chini. Ikipotoka sana na haisogei, kila wimbo utakaopigwa juu ya shingo utakuwa nje ya ufunguo.

Freti zote. Piga kila noti, uzi kwa uzi, kuanzia juu hadi chini. Inachukua dakika tano. Noti inayokufa au kuzizima dukani haitapona njiani kuja Masasi.

Nobu na tundu la waya. Zungusha kila nobu, chezesha waya kidogo. Mkwaruzo mdogo wa vumbi husafishika. Sauti inayokatika kabisa ni kazi ya kuchomelea.

Nyuzi nne au tano? Kwa anayeanza, nne zinatosha. Uzi wa tano hushuka hadi mitetemo 31 hivi kwa sekunde, na amplifaya ndogo haiwezi kuitoa vizuri. Utakuwa umelipia noti zisizosikika.

Swali jingine la kuuliza ni kama besi inatumia betri ndani. Zenye betri ya voti 9 hutoa sauti yenye nguvu na nobu nyingi za kuchezea, lakini nyingi hula betri muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Ibada ikiisha, chomoa. Kwa kijijini ambako betri nzuri ni safari, besi isiyotumia betri ina usumbufu mdogo.

Amplifaya: hapa ndipo hela iende

Amplifaya ya gitaa la solo si ya besi. Ukichomeka besi humo na kupandisha sauti, spika inaweza kupasuka. Tafuta iliyoandikwa kwamba ni ya besi.

Kuhusu ukubwa, wati huchanganya watu. Wati 100 hazitoi kelele mara mbili ya wati 50. Tofauti yake kwa sikio ni ndogo. Ili sikio lihisi kelele imekuwa mara mbili, nguvu inatakiwa kupanda karibu mara kumi.

Kwa hiyo wati 15 hadi 30 zinafaa mazoezi nyumbani. Kanisani penye ngoma na kwaya, anzia wati 100 na kuendelea, na spika ya inchi 12 au 15. Uwanjani kwenye harusi au sherehe, hata hizo hazitatosha peke yake.

Ndiyo maana kuna tundu moja la kuulizia kabla ya yote: la kupeleka sauti kwenye mashine ya kuchanganyia. Amplifaya ikiwa nalo, kwaya inaweza kuanza na ya ukubwa wa kati, na siku ya tukio kubwa besi ikapita kwenye spika kubwa za kukodi.

Ukiongeza spika ya pili, soma namba ya omu nyuma ya amplifaya. Ikiandikwa kiwango cha chini ni omu 4, spika mbili za omu 8 zikiungwa sambamba zinafika hapohapo. Ukiongeza ya tatu umevuka mpaka, na amplifaya inaweza kuungua.

Umeme: hapa ni suala la uhai

Umeme wa Tanzania ni voti 230. Vyombo vya mtumba kutoka Marekani vingi ni vya voti 120. Ukichomeka bila transfoma ya kupunguza, unaunguza hela ya kwaya kwa sekunde moja. Kabla ya kulipa, geuza amplifaya na usome kibao cha nyuma: kiwe na 230V au 220–240V.

Umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo nao ni adui. Kifaa cha kulinda friji kinachouzwa madukani, au stabilaiza, kinasaidia. Umeme ukikatika katikati ya wimbo, zima amplifaya kwa swichi yake. Iwashe tena baada ya umeme kutulia.

Jambo zito zaidi ni waya wa ardhi, yaani ethi. Mpiga besi anashika nyuzi za chuma. Akiwa anaimba pia, mdomo wake unagusa maikrofoni ya chuma. Amplifaya ikiwa na hitilafu na haina ethi, au vyombo viwili vikiwa vimechukua umeme sehemu mbili tofauti, mwili wake ndio unakuwa njia ya umeme. Watu hupigwa shoti hivyo, na shoti huua.

Mambo manne hayana mjadala:

Plagi ya miguu mitatu ibaki na miguu mitatu. Kuivunja mmoja ili mvumo upungue ni kucheza na maisha. Kuchomeka waya kwa kusaidia na kijiti nako kuachwe.

Vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme chanzo kimoja.

Fundi umeme mwenye leseni apime ethi ya jengo, na ya jenereta kama linatumika. Udongo mkavu wa kichanga hupitisha umeme vibaya, hivyo ethi iliyopimwa masika inaweza isifanye kazi vizuri kiangazi. Ipimwe kiangazi.

Mpigaji akihisi hata mtekenyo kidogo kwenye midomo au vidole, muziki usimame. Zima kwanza, halafu tafuta sababu.

Pedali: moja inatosha kuanzia

Pedali hubadilisha sauti kabla haijafika kwenye amplifaya. Zipo za kukwaruza, za kurudisha mwangwi na za kutetemesha. Kwa nyimbo za kwaya na rumba, nyingi kati ya hizo huila sauti nzito, na sauti nzito ndiyo mliyoinunulia besi.

Ya kwanza kununua ni ya kutyuni. Inaonyesha noti kwa taa hata kelele zikiwa nyingi, na ukiikanyaga inanyamazisha besi wakati mchungaji anaongea. Ya pili, hela ikiruhusu, ni kompresa: hupunguza noti zilizopigwa kwa nguvu na kuinua zilizopigwa kwa upole, besi ikasikika sawa muda wote.

Tahadhari moja. Pedali nyingi hutumia voti 9, na ncha ya katikati ya plagi yake ni hasi. Adapta za vinanda vingi vya Yamaha ni voti 12, na katikati ni chanya. Plagi inaweza kuingia vizuri tu, pedali ikafa hapohapo. Angalia mchoro mdogo wa duara kwenye adapta na kwenye pedali: vifanane.

Kuimiliki: vumbi, salfa na ufunguo

Wanaonunua Kariakoo wabebe seti ya pili ya nyuzi kabla ya kupanda basi. Gitaa lisiwekwe chini ya mizigo, maana toka Dar hadi Masasi ni mwendo wa kutwa nzima na kitakachoumia ni shingo.

Nyumbani, baada ya kupiga, futa nyuzi kwa kitambaa kikavu. Jasho ndilo linaloziua. Zikipoteza mlio, zivue, zichemshe kwa maji dakika chache, zikaushe kabisa na kuzirudisha. Zitachangamka kwa muda.

Kwa watu wa korosho kuna onyo la ziada: usihifadhi vyombo kwenye stoo ya salfa. Ni kawaida kuweka kila kitu chumba kimoja, lakini salfa hushambulia shaba, na waya na matundu ya vyombo yamejaa shaba. Kiangazi funika amplifaya kwa kitambaa, na uiondoe sakafuni ili mchwa wasipate mbao zake.

La mwisho halihusu sauti, ila ndilo huvunja kwaya nyingi. Besi ni ya nani? Mwanakwaya akichangia nusu ya bei, siku akihama anaondoka nayo? Kijana anayepiga anaruhusiwa kwenda nayo kwenye harusi ya kulipwa? Ikiungua huko, nani analipa?

Majibu yaandikwe kwenye daftari la kwaya kabla hela haijatoka, risiti iandikwe jina la kwaya, na ufunguo wa chumba uwe na mtu mmoja anayejulikana.

Kwa hiyo mchango ukiwa mdogo, gawa hivi: gitaa la kawaida lenye shingo nzima, amplifaya ya besi inayotosha jengo, fundi wa kupima ethi, seti ya nyuzi za akiba. Zikibaki, pedali ya kutyuni. Zisipobaki, programu ya simu itawavusha mpaka korosho zijazo.