Kiti cha Pweza Katika Tangi la Mumias

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Wanafunzi kadhaa wa hapa Mumias waliporejea kutoka ziara ya Pwani, walikitaka cha mvunguni bila kuinama. Walimleta kiti cha pweza ndani ya ndoo, wakamtia katika tangi dogo la kioo kwenye maabara ya shule yao. Siku ya nne mikono yake mitano ilikuwa imelegea na maji yananuka. Mwalimu wao akaniuliza: kosa lilikuwa wapi?

Kosa halikuwa katika shauku yao. Mtoto aliyelelewa kati ya mashamba ya miwa, zaidi ya kilomita 800 kwa barabara kutoka Mombasa, ana haki ya kuijua bahari sawa na mwenzake wa Malindi. Kosa lilikuwa kudhani kwamba bahari yaweza kuhamishwa kwa ndoo.

Kiti cha pweza si samaki. Hana damu wala ubongo. Maji ya bahari ndiyo yanayopita katika mirija ya mwili wake na kuisukuma miguu midogo mingi anayotembelea. Hawezi kurekebisha kiasi cha chumvi mwilini mwake. Maji yanapobadilika, naye hudhurika. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi. Katika tangi la lita 50, lita 5 zikigeuka mvuke, chumvi hubaki, na kila lita sasa huwa na gramu 39 hivi. Ukiongeza maji ya mfereji kwa ghafla, unamtesa upya. Chumvi ya jikoni haifai, kwani bahari ina madini mengine mengi. Mabaki ya chakula huzaa amonia, ambayo hulitia sumu tangi dogo upesi kuliko kubwa. Na umeme ukikatika, pampu ya hewa husimama.

Sisemi kwamba haiwezekani. Wako mafundi wanaofaulu, wenye matangi makubwa, vipimo na subira. Hata hivyo, tujifunze kutoka Uingereza. Philip Henry Gosse alipochapisha kitabu chake kuhusu matangi ya bahari mwaka 1854, watu walimiminika ufuoni kukusanya viumbe. Mwaka 1907 mwanawe, Edmund, aliandika kwa uchungu kwamba vidimbwi vya miambani alivyovijua utotoni vilikuwa vimeporwa. Nasi tunazo hifadhi za bahari za Malindi na Watamu tangu 1968, ambako hairuhusiwi kuokota chochote. Je, kila shule ikirudi na ndoo, sehemu nyingine za ufuo zitabaki na nini?

Walimu wenzangu, tangi lisitupwe. Litiwe maji baridi na vifaranga vya perege kutoka kwa wafugaji wa jirani. Wanafunzi wapime joto la maji, wahesabu chakula, waandike kila siku walichokiona. Hapo watakuwa wamefanya sayansi.

Nanyi wanafunzi, mkifika Pwani maji yakiwa yamekupwa, inameni kando ya kidimbwi. Mtazameni kiti cha pweza akitembea polepole mchangani, mchoreni daftarini, kisha mwacheni alipo. Mchoro huo utafika Mumias salama; yeye hatafika.