Machakos kwa Mtu wa Pwani: Siku Tatu za Kuyafuata Maji ya Sabaki Yatokako

Kila Disemba sisi watu wa Malindi huwa ni watu wa kupokea. Wageni wa bara washuka kwa mabasi na kwa gari la moshi, twawaonyesha nguzo ya Vasco da Gama, twawapikia wali wa nazi na samaki wa kupaka, twawaonya wasiende mbali na ufuo, kisha warudi kwao wamefurahi. Mwaka juzi mwanangu wa mwisho aliniuliza, "Baba, na sisi hutembea wapi?" Nikakosa la kumjibu. Safari zangu za bara zote zilikuwa za maiti, za hospitali au za kufuata karatasi katika ofisi za Nairobi.

Dada yangu ameolewa Machakos siku nyingi, na miaka hiyo yote nimekuwa nikipita njia panda ya Kyumvi ndani ya basi bila kuteremka. Likizo ya Agosti ile tukateremka, mimi, mke wangu na watoto watatu. Tumerudi mara tatu tangu hapo. Basi haya ni mambo niliyoyaona kwa macho na kuyalipia kwa mfuko wangu.

Kwanza tuelewane kuhusu umbali. Kutoka Mombasa hadi Machakos ni zaidi ya kilomita 400, kwa hivyo hii si safari ya kwenda asubuhi na kurudi jioni. Ni safari ya kulala siku tatu mjini Machakos na kila siku kutoka kwenda mahali pamoja. Ukienda kwa basi la Nairobi, mwambie utingo mapema kuwa utashuka Kyumvi, maana wengine hujifanya wamesahau hadi mnapita. Hapo utapata matatu za kuingia mjini. Ukipenda reli, panda Miritini ile ya asubuhi inayosimama vituo vya kati, ushuke Athi River, ambako tayari ni ndani ya kaunti ya Machakos. Ile ya mchana haitakufaa. Tikiti hukatwa kwa simu, *639#, na kitambulisho usikiache nyumbani.

Njiani waonyeshe watoto Sultan Hamud. Mji ule umepewa jina la Hamoud bin Mohammed, sultani wa Zanzibar kutoka 1896 hadi 1902, aliyefika kuitazama reli ilipokuwa ikijengwa. Na ukisikia jina Syokimau, huyo alikuwa mtabiri wa Kikamba, ambaye husimuliwa kuwa aliona nyoka mrefu wa kutema moto akitoka pwani kabla reli haijakuwako. Wanangu walimpenda Syokimau kuliko sultani.

Mji wenyewe ni mkongwe kuliko Nairobi. Jina latokana na Masaku, mkuu wa Wakamba, na Waingereza walikuwa na kituo chao cha utawala hapo hadi 1899, reli ilipopita mbali na wao wakahamia Nairobi. Msikiti uko mjini, na pa kula chakula cha halali ukiuliza hapo utaonyeshwa. Jaribu muthokoi, mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na kunde au maharagwe. Mke wangu alionja akasema, "Kumekosa tui tu." Jioni watu huenda People's Park, bustani iliyofunguliwa 2014 kando ya bwawa la Maruba. Ni pazuri kwa watoto kukimbia, lakini usisafiri kilomita 400 kwa ajili ya bustani.

Sweta usisahau. Machakos iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na Agosti kuna baridi ya ukungu ambayo sisi hatuijui. Mwanangu alilala na viatu.

Siku ya kwanza nenda Kituluni, pale panapoitwa Kyamwilu, upande wa mashariki wa mji, si mbali. Hapo ndipo watu husema maji hupanda mlima. Dereva wetu alisimamisha gari mahali alipopajua, akatoa gia, akaondoa mguu kwenye breki, na gari likaanza kwenda, nasi sote tukiapa kuwa linapanda. Watoto wakamwaga maji ya chupa barabarani, nayo yakakimbilia huko huko "juu". Kijana mmoja wa pale alitusimulia hadithi za watu wa kale na nguvu zilizomo ardhini. Nilimsikiliza kwa heshima na nikampa chochote, maana hadithi nayo ni kazi.

Lakini watoto walitaka kujua, na maelezo yenyewe ni haya. Barabara pale yateremka, si kupanda. Jicho ndilo linalokosea. Ili ujue kitu kimeinama, jicho lahitaji mstari ulio sawa wa kulinganishia. Sisi wa Pwani tumezaliwa na mstari huo mbele yetu kila siku, pale bahari inapokutana na mbingu. Kituluni hakuna mstari huo: vilima vimeuficha upeo, kingo za barabara na miti vimeinama kwa namna yake, na jicho lachukua mteremko mkubwa wa kilima kuwa ndio usawa. Mteremko mdogo wa barabara basi waonekana kama kipando. Fundi mwashi akiweka pimamaji pale atakwambia ukweli kwa dakika moja. Binti yangu alisema ingekuwa bora kutojua. Kaka yake alirudia jaribio la maji mara nne.

Siku ya pili ndiyo iliyonifanya niandike makala hii. Tulipita Kangundo na Tala hadi Donyo Sabuk, tukaenda kuona Fourteen Falls, maporomoko kumi na manne ya mto Athi. Maji huanguka kama mita 27 kwa mistari mingi iliyopangana juu ya mwamba mpana. Kuna vijana wenye mashua za kukuvusha, na wengine hujirusha kutoka juu ili uwape kitu. Patana bei kabla hujapanda, na umalize mapatano kabisa, kwenda na kurudi. Mimi nilipatana ya kwenda, nikatajiwa nyingine nilipokuwa ng'ambo na watoto wameshalowa. Mawe yana utelezi mbaya, shika mkono wa mtoto hata kama ana miaka kumi na miwili na aona haya.

Ni pazuri. Na palinuka.

Ilikuwa kiangazi, maji machache, na chini ya maporomoko kulikuwa na povu jeupe na chupa za plastiki zikizunguka bila kwenda popote. Mto Nairobi, pamoja na yote uliyoyabeba mjini, huingia Athi kabla ya kufika hapo. Mwenye mashua aliniuliza natoka wapi. Nikamwambia Malindi. Akasema, "Basi haya yanakuja kwenu."

Kweli yanakuja kwetu. Athi ukitoka pale wazunguka Ukambani, waingia Tsavo, unapokutana na mto Tsavo waitwa Galana, na huku chini twauita Sabaki, hadi unamwagika baharini kati ya Malindi na Mambrui. Nilijifunza hayo shuleni kama jibu la mtihani. Miaka yote nimeona bahari ya Malindi ikigeuka rangi ya chai ya maziwa wakati wa mvua, nikisikia wavuvi wakilalamika na wenye hoteli wakiomba radhi kwa wageni, wala sikuwahi kuunganisha rangi ile na mahali penye watu na majina. Mbuga yetu ya bahari, iliyotengwa 1968, ina matumbawe yanayotaka maji safi ili yapate mwanga. Tope huyafunika.

Na si bahari tu. Maji ya bomba ya Malindi na Kilifi, na sehemu ya yale ya Mombasa, hupigwa pampu kutoka visima vya Baricho kando ya Sabaki. Sisemi kuwa twanywa uchafu wa Nairobi. Kati ya Fourteen Falls na Baricho mto wasafiri mamia ya kilomita, na visima vile huchota maji yaliyopita kwenye mchanga. Nasema mto ni mmoja. Mamangu, aliye na miaka zaidi ya sabini, huamka usiku kusikiza kama bomba limeanza kutoa. Bomba hilo lina mwanzo, nami nilikuwa nimesimama karibu nao nikipiga picha. Tukizungumza habari za maji huwalaumu wa karibu yetu tu, kampuni ya maji, kaunti, fundi wa mabomba. Mkondo wa juu hatuutaji kabisa, na ni nadra kusikia mwanasiasa wa Pwani akiuliza kinachomwagwa Athi au kitakachobaki mtoni mabwawa yakijengwa, kama hili la Thwake.

Jioni nilimweleza baba mkwe wa dada yangu, mzee wa Mutituni. Alicheka. "Huo mchanga wenu ni shamba la baba yangu," akasema. Kesho yake akanipeleka kuliona lililobaki, na nakushauri nawe, kama una mwenyeji, uombe kuonyeshwa mashamba ya vilimani kabla ya bustani yoyote. Vilima vya Machakos vimekatwa ngazi kwa ngazi, kwa jembe na mikono. Ngazi hizo huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia vitabu vya kilimo vya Kiingereza bila kutafsiriwa. Wachimba mtaro kukata mteremko, udongo waurusha upande wa juu, si wa chini, unakuwa tuta. Mvua ikinyesha, udongo unaoteremka wanaswa na tuta, na mwaka baada ya mwaka shamba lajisawazisha lenyewe. Juu ya tuta hupandwa nyasi za mifugo.

Miaka ya 1930 wataalamu wa serikali waliandika kuwa nchi hii imekwisha, imebaki mawe na mchanga. Dawa ya wakoloni ilikuwa kuwanyang'anya watu ng'ombe. Mwaka 1938 Muindi Mbingu akawaongoza Wakamba kwa maelfu hadi Nairobi, wakakaa huko majuma wakimdai gavana. Yeye walimkamata wakampeleka kuzuiliwa Lamu. Mzee alilitaja jina la Lamu kwa uchungu, nami nikaona haya kidogo, maana ule mji nimeutembelea kwa maulidi mara nyingi bila kusikia habari za mtu huyo. Ngazi nazo zilianza kwa kulazimishwa, lakini baadaye watu walizichimba wenyewe walipoona faida, kinamama kwa vikundi. Kila tuta lililosimama pale ni tope ambalo halikufika Malindi.

Mlima Ol Donyo Sabuk wenyewe nautaja kwa ufupi kwa sababu sisi tulichelewa. Ni hifadhi ya taifa tangu 1967, kilele chake ni mita 2,145, na jina lake la pili, Kilimambogo, lajieleza: mbogo wapo, usitembee kwa miguu bila askari wa hifadhi. Malipo ni kwa mtandao, pesa taslimu hazipokelewi. Kabla ya kilele kuna kaburi la William Northrup McMillan, tajiri wa Kimarekani aliyefariki 1925, yule ambaye maktaba ya Nairobi ina jina lake. Husimuliwa kuwa alitaka kuzikwa juu kabisa, wachukuzi wakashindwa na uzito.

Siku ya tatu, kama una nguvu, fuata barabara ya Kitui hadi Wamunyu, kwa wachonga vinyago. Nilidhani kazi ile ni ya Wakamba tangu mababu. Kumbe aliyeianzisha, Mutisya Munge wa Wamunyu, alijifunza kwa Wazaramo alipokuwa Tanganyika wakati wa Vita vya Kwanza, akarudi nayo nyumbani. Kwa hivyo ilitoka pwani ikapanda bara, kisha ikashuka tena. Kile chama cha ushirika cha wachongaji kilichoko Changamwe kilianzishwa 1963. Muulize mchongaji ni mti gani anaotumia. Mpingo na muhugu vimekatwa mno, muhugu hata katika msitu wetu wa Arabuko-Sokoke. Mimi nilinunua twiga wa mwarobaini, mti ulioko nyuma ya nyumba yangu, nikalipa pungufu ya nusu ya bei ninayotajiwa ufuoni kwetu.

Kiondo cha katani alichonunua mke wangu sasa ndicho cha sokoni. Kwa hesabu yetu, gharama kubwa ilikuwa nauli na gari la kukodi siku ya maporomoko. Kama mtakuwa watu wanne au watano, kodini gari la siku nzima kutoka mjini badala ya kubadilisha matatu, na mwondoke saa moja asubuhi, si saa nne kama sisi. Aprili na Novemba maporomoko hujaa na harufu hupungua, ila barabara za vilimani huwa tope. Ukienda Novemba, ukirudi simama daraja la Sabaki utazame rangi ya maji.