Sura ya Tano: Mizani Moja kwa Pande Zote

Uongo mtupu hufichuka mapema. Ukweli nusu ndio unaodumu, kwa kuwa kila ukihojiwa una ushahidi wa kutoa. Tuchukue mfano wa wafanyakazi wawili wa kiwanda kimoja cha Bujumbura, Burundi, mwaka 1994. Jioni mmoja anarudi Kamenge kwa Wahutu wenzake, mwingine Ngagara kwa Watutsi wenzake. Wa kwanza ataanza hesabu yake mwaka 1972, jeshi lilipowaua Wahutu wengi, hasa waliosoma. Wa pili ataianza Oktoba 1993, Rais Melchior Ndadaye, Mhutu, alipouawa, kisha Watutsi wengi vijijini wakauawa kwa kisasi. Yote mawili yalitokea. Kosa la kila mmoja ni kuufanya msiba wa kwao kuwa mwanzo wa historia, na mtaani hakubaki jirani wa kumwuliza habari za msiba wa pili.

Ndiyo maana kujihoji peke yako hakutoshi: hujiulizi ila maswali ambayo majibu yake unayo tayari. Studio Ijambo, studio ya vipindi vya redio iliyoanzishwa Bujumbura mwaka 1995 na shirika la Search for Common Ground, iliwaajiri wanahabari Wahutu na Watutsi, wakawa wakitumwa wawili wawili, mmoja wa kila upande, kufuatilia habari nzito. Faida yake ilikuwa ya kikazi kabisa. Mmoja alifunguliwa milango ambayo mwenzake angefungiwa, na neno lenye upendeleo lilimkuta wa kulipinga kabla ya kufika hewani.

Kuna atakayeuliza: je, muuaji naye apewe nusu ya kipindi? Hapana. Kutenda haki katika mabishano si kugawa lawama sawa kwa sawa. Ni kutumia mizani moja: ushahidi unaoudai kwa mpinzani wako, udai na kwa ndugu yako. Mizani hiyo yaweza kabisa kumtia hatiani mmoja tu, na hukumu yake itakuwa nzito zaidi kwa sababu haikupangwa. Mwingine atasema kwamba mtu mwenye msimamo hapaswi kuyumba kila anapopingwa. Ni kweli, ila msimamo usiowahi kupingwa haujulikani kama ni imara au umebahatika tu. Basi kabla ya kumjibu anayekupinga, ieleze hoja yake mpaka yeye mwenyewe akiri kuwa umemwelewa. Ukishindwa, bado hujawa na haki ya kuikataa.